Kioo Kisicho cha Kioo: Darubini ya Nyumbani na Lugha ya Ufundi

Utangulizi

Hapana mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ambaye hajapata kuandika, katika insha au katika mtihani, kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Msemo huu umekaririwa mno hata umekuwa mithili ya salamu: hutolewa na kuitikiwa pasi na yeyote kuutafakari. Ni nadra sana kwetu kuuliza kioo chenyewe hutengenezwaje, kwa malighafi gani, na kwa mkono wa nani.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ambayo huenda ikaonekana ngeni katika jarida la wanafunzi wa lugha. Yataeleza, hatua baada ya hatua, jinsi kioo cha darubini kilivyokuwa kikitengenezwa kwa mkono, nyumbani, kwa metali tupu. Mfano utakaotuongoza ni wa William Herschel na dadake Caroline, walioifanya kazi hiyo katika mji wa Bath, Uingereza, katika miaka ya 1770 na mapema ya miaka ya 1780.

Hoja tunayoitetea ni hii: lugha inayokijua kioo kwa sitiari tu, bila kukijua kwa kazi, ni lugha iliyojinyima nusu ya uwezo wake. Kiswahili hakina haja ya kuwa katika hali hiyo. Maneno ya kazi kinayo, na mengi ya hayo hayako katika orodha za istilahi bali yako jikoni, katika karakana ya mhunzi, kwa seremala na kwa mwashi. Njia ya kulithibitisha dai hili si kulitetea kwa maneno matupu. Ni kuieleza kazi yenyewe kwa Kiswahili, kisha tuone ni wapi lugha inatutosha na ni wapi inatukwaza.

Mkanganyo wa Jina

Kikwazo cha kwanza kinatupata hata kabla ya kuanza. Neno kioo katika Kiswahili lina maana mbili kuu. Kwanza, ni ile malighafi angavu inayotiwa madirishani. Pili, ni kile kifaa cha kujitazamia. Kwa kuwa vioo vingi vya kujitazamia tunavyovijua vimetengenezwa kwa malighafi hiyo, maana hizi mbili zimekaa pamoja kwa amani, na msemaji wa kawaida hana sababu ya kuzitenga.

Amani hiyo inavunjika tunapotaja kioo cha metali. Msomaji anayekutana na kirai hiki kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa ni kosa, kana kwamba tumesema mbao za chuma. Hata hivyo, kifaa chenyewe kilikuwapo, na kwa takriban karne mbili ndicho kilichokuwa moyo wa darubini za aina fulani. Katika makala haya, basi, neno kioo litakuwa na maana ya kifaa kinachoakisi mwanga, vyovyote kiwavyo kimetengenezwa. Malighafi tutaiita kioo cha dirishani kila inapobidi.

Kwa Nini Metali?

Darubini za mwanzo zilitumia lenzi. Lenzi hupinda miale ya mwanga na kuikusanya mahali pamoja, ila haipindi rangi zote kwa kiasi kimoja. Matokeo yake ni kwamba nyota huonekana imezungukwa na utando wa rangi. Isaac Newton aliona kuwa kioo hakina dosari hiyo, maadamu rangi zote huakisiwa kwa namna moja. Mwaka 1668 alitengeneza darubini ndogo ambayo kioo chake kilikuwa na kipenyo cha sentimita 3 na ushei. Alikisubu na kukikatua mwenyewe.

Lakini kwa nini asitumie kioo cha kawaida cha kujitazamia? Sababu ni kuwa vioo vya zama hizo vilipakwa zebaki na bati kwa nyuma. Mwanga ulilazimika kupenya malighafi, kuakisiwa, kisha kupenya tena, na kila upenyaji ulileta hitilafu. Darubini inahitaji uso wa mbele wenyewe ndio uakisi. Kabla ya katikati ya karne ya 19 hapakuwa na njia iliyofaa ya kutandaza fedha nyembamba juu ya uso wa mbele wa kioo cha darubini. Kwa hiyo waundaji walitumia metali ngumu inayong'aa yenyewe.

Metali hiyo ilikuwa mchanganyiko wa shaba nyekundu, takriban theluthi mbili, na bati, takriban theluthi moja. Ajabu ni kwamba shaba ni nyekundu na ni laini, na bati nalo ni laini, ilhali mchanganyiko wao kwa kiwango hicho huwa mweupe kama fedha, mgumu, na rahisi kuvunjika kama sahani ya kaure. Bati likizidi, metali huwa nyeupe zaidi lakini hupasuka kwa jambo dogo. Shaba ikizidi, metali huwa imara lakini huelekea wekundu na hufifia upesi. Mtengenezaji aliishi kati ya hatari hizo mbili.

Nyumba ya Wanamuziki

Herschel hakuwa mhunzi wala mwanasayansi kwa mafunzo. Alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, akafunzwa muziki, akahamia Uingereza mwaka 1757, na mwaka 1766 akawa mpiga kinanda wa kanisa moja mjini Bath. Caroline, aliyezaliwa mwaka 1750, alijiunga naye mwaka 1772 akitarajia kuwa mwimbaji. Mwaka uliofuata kaka yake alivutiwa na elimu ya nyota. Bei ya darubini kubwa ilimshinda, naye akaamua kujitengenezea. Alijinunulia vifaa vya kusagia vioo kutoka kwa mtu aliyekuwa akiiacha kazi hiyo, akasoma vitabu vya elimu ya mwanga, na nyumba ikageuka karakana.

Kumbukumbu za Caroline, zilizochapishwa mwaka 1876, zinatupa taswira ya nyumba hiyo. Seremala alikuwa akiunda mwili wa darubini katika sebule iliyopambwa, na mashine ya kuchongea ilikuwa imesimamishwa katika chumba cha kulala. Katikati ya hayo yote, mazoezi ya muziki na wanafunzi wa kulipia hayakukoma. Tunalitaja jambo hili si kwa kupamba hadithi. Ni muhimu kwa hoja yetu kwamba kazi hii ya sayansi ilifanyika nyumbani, kwa vyombo vya nyumbani, na kwa hiyo aliyeisimulia aliweza kuisimulia kwa maneno ya nyumbani.

Hatua ya Kwanza: Kusubu

Kitenzi kusubu kina maana ya kumimina metali iliyoyeyuka katika kalibu ili ipate umbo. Hatua hii huanza kwa kuunda kalibu yenyewe, kwa mchanga au kwa udongo uliotayarishwa. Kisha shaba huyeyushwa katika tanuri. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za selsiasi, ilhali bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Kwa sababu hiyo shaba hutangulia, na bati hutiwa baadaye shaba ikiwa tayari ni maji. Newton na baadhi ya waliomfuata waliongeza arseniki kidogo ili metali iwe nyeupe zaidi, jambo la hatari kubwa kwa sababu moshi wake ni sumu.

Baada ya kumimina huja kazi ya kupoza. Kipande kikipoa haraka, sehemu ya nje husinyaa kabla ya sehemu ya ndani, na metali isiyokubali kukunjika haina njia nyingine ila kupasuka. Hivyo basi kilibidi kipoe polepole mno, katika tanuri au mahali pengine palipohifadhi joto. Kwa vioo vikubwa muda huo ulifika majuma kadhaa.

Ugumu wa hatua hii unadhihirika katika tukio la Agosti 1781. Herschel alikusudia kusubu, katika nyumba yake ya mtaa wa New King, kioo chenye kipenyo cha futi 3, kwa metali iliyozidi ratili 500. Kalibu ilikuwa ya udongo uliochanganywa na samadi ya farasi. Samadi hiyo ilitwangwa kwenye kinu na kuchekechwa kwa chekeche laini, na Caroline anakiri kwamba ilikuwa kazi isiyo na mwisho. Jaribio la kwanza lilitoa kioo kilichopasuka katika kupoa. Katika jaribio la pili tanuri lilivuja wakati metali ilipokuwa tayari kumiminwa. Metali ya moto ilitapakaa juu ya sakafu ya mawe. Mawe yakapasuka na kuruka kila upande hadi darini, na watu wote wakakimbilia milangoni. Herschel mwenyewe alianguka juu ya rundo la matofali, amechoka hoi kwa joto na kazi.

Tuangalie lugha ya tukio hili. Kutwanga, kinu, kuchekecha, chekeche, udongo, samadi, tanuri, kuvuja, kupasuka. Hapana hata neno moja kati ya haya ambalo mtoto wa darasa la nne katika shule zetu halijui. Tumelieleza jambo la kiufundi lililo zito na bado hatujalazimika kufungua kamusi ya istilahi.

Hatua ya Pili: Kusaga

Kipande kilichosubiwa hutoka kikiwa kikwaruzi na cha kijivu. Huhitaji kusagwa hadi kiwe na mbonyeo, yaani uso ulioingia ndani kama sahani pana isiyo na kina. Kifaa cha kusagia ni bamba jingine lenye mbinuko unaolingana na mbonyeo unaotakiwa. Kati ya viwili hivyo hutiwa unga mkali wa mawe na maji. Fundi husukuma na kuvuta, huku akikizungusha kioo kidogo kidogo na yeye mwenyewe akiizunguka meza.

Siri ya hatua hii ni ya kijiometri. Nyuso mbili zikisuguliwa kwa muda mrefu katika kila mwelekeo, hubaki zikigusana kila mahali kwa sharti moja tu: ziwe sehemu ya tufe. Kila palipoinuka huliwa zaidi, na kila palipoinama huachwa. Kwa hiyo mkono wa fundi, hata usipokuwa na kipimo, huongozwa na kazi yenyewe kuelekea kwenye umbo la tufe. Unga huanza na ule wa chembe kubwa, kisha hufuata ule wa chembe ndogo, hadi mikwaruzo isiweze kuonekana kwa macho.

Hapa pana neno la kulitazama kwa makini. Tunasema kupiga msasa tunapomaanisha kulainisha ubao kwa karatasi yenye chembe. Tunasema pia kuupiga msasa mswada tunapomaanisha kuusahihisha. Lakini msasa ni mti kwanza. Majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Jina la mti likawa jina la kifaa, jina la kifaa likawa jina la kazi, na jina la kazi likawa sitiari ya uhariri. Wengi wetu tunaijua hatua ya mwisho ya safari hiyo na tumeisahau ya kwanza. Hivyo ndivyo lugha inavyoweza kubaki na sitiari na kupoteza kazi iliyoizaa.

Hatua ya Tatu: Kukatua

Baada ya kusaga, kioo huwa na umbo lakini hakina mng'ao. Kiswahili kina kitenzi mahususi cha kazi inayofuata, nacho ni kukatua: kusugua chombo cha metali mpaka king'ae. Aghalabu siku hizi tunatumia kung'arisha kwa kila kitu, kuanzia viatu hadi meno, na kitenzi kukatua kimebaki kamusini. Hapa ndipo mahali pake hasa.

Kifaa cha kukatulia hupakwa lami ya utomvu wa miti, si lami ya barabarani. Newton alieleza matumizi ya lami hiyo katika kitabu chake cha elimu ya mwanga cha mwaka 1704. Lami ina sifa ya ajabu: ukiigonga huvunjika kama kitu kigumu, ukiikandamiza polepole hukubali na kufuata umbo la kinachoikandamiza. Hivyo huukumbatia uso wa kioo kila mahali. Juu yake hutiwa poda laini sana, kama vile ya bati lililounguzwa au ya kutu nyekundu ya chuma, pamoja na maji. Kisha usuguaji huanza upya.

Kwa nini uvumilivu mwingi kiasi hicho? Hesabu kidogo itatusaidia. Darubini ambayo Herschel aliitumia kugundua sayari ya Uranus, tarehe 13 Machi 1781, ilikuwa ya urefu wa futi 7, na kioo chake kilikuwa na kipenyo cha inchi 6.2, yaani karibu sentimita 16. Kina cha mbonyeo wa kioo kama hicho, kutoka ukingoni hadi katikati, ni takriban milimita 0.7 tu. Ukikitazama kwa upande huoni bonde lolote. Isitoshe, ili nyota ionekane kama nukta, makosa ya uso hayapaswi kuzidi takriban milimita 0.00007. Unywele wa binadamu una unene wa karibu milimita 0.07. Kosa linaloruhusiwa, basi, ni kama sehemu moja ya elfu ya unywele. Kipimo hiki kilifikiwa kwa mikono, lami, maji na poda.

Mkono wenyewe ni adui kwa kiasi fulani. Joto lake huivimbisha metali, na mapumziko huibadili lami. Ndiyo sababu, katika kukamilisha kioo kimoja cha futi 7, Herschel hakuondoa mikono yake kwa saa 16 mfululizo. Caroline alimlisha kwa kumtia vipande vya chakula kinywani. Alimsomea pia vitabu, miongoni mwavyo zikiwemo hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua vyema. Huenda mwanafasihi akapendezwa kujua kwamba hadithi za Shahrazadi, aliyesimulia ili asiuawe, zilisomwa ili kioo kisiharibike.

Hatua ya Nne: Kupima

Umbo la tufe halikusanyi miale yote mahali pamoja kikamilifu. Umbo linalohitajika ni la parabola, ambalo limezama kidogo zaidi katikati. Tofauti kati ya maumbo haya mawili ni ndogo mno kiasi kwamba hakuna rula wala bikari inayoweza kuionyesha. Hupatikana kwa kubadilisha mapigo ya kukatua, yaani urefu wake, mwelekeo wake na uzito wa mkono.

Fundi alijuaje kuwa amefika? Mwaka 1777 John Mudge, tabibu wa Plymouth, alichapisha maelezo ya njia aliyoitumia, na mwaka huo huo Shirika la Kifalme la London likamtuza nishani ya Copley. Alikifunika kioo kwa karatasi ngumu zenye matundu, ili kwanza itumike sehemu ya katikati peke yake, kisha ya ukingoni peke yake. Sehemu zote zikitoa taswira safi mahali pamoja, umbo ni sahihi. Zikihitilafiana, kioo hurudishwa kwenye lami. Kwa Herschel mwamuzi wa mwisho alikuwa nyota yenyewe.

Matokeo ya uvumilivu huo yalidhihirika mwaka 1782, darubini yake ilipolinganishwa na zile za kituo cha kifalme cha Greenwich. Kile kilichoundwa nyumbani na mwanamuziki kilizishinda. Kwa hesabu yake mwenyewe, kufikia mwaka 1795 alikuwa ametengeneza vioo zaidi ya 400 vya ukubwa mbalimbali.

Hatima ya Kioo cha Metali

Kioo cha metali kilikuwa na udhaifu ambao haukupata tiba. Hata kikiwa kipya kiliakisi takriban theluthi mbili ya mwanga tu, na katika darubini yenye vioo viwili kiasi kilichofika jichoni kilikuwa chini ya nusu. Baya zaidi, uso wake ulififia kwa unyevu. Kuukatua upya kulikuwa na maana ya kuhatarisha umbo lile lile lililopatikana kwa jasho. Lord Rosse wa Birr, Ireland, ambaye darubini yake ya mwaka 1845 ilikuwa na kioo cha futi 6, alikuwa na vioo viwili vya kupokezana: kimoja kikifanya kazi, kingine kikikatuliwa.

Katika miaka ya 1850 Carl August von Steinheil wa Ujerumani na Léon Foucault wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walitumia mbinu ya kutandaza fedha juu ya uso wa mbele wa kioo cha kawaida. Fedha ikififia, iliondolewa kwa dawa na kutandazwa nyingine, na umbo lililo chini halikuguswa. Kioo cha metali kikaanza kuaga. Hata hivyo, kusaga kwa unga, kukatua kwa lami na kupima kwa nuru ni mambo ambayo yangali yanafanywa hadi leo na watu wanaojitengenezea darubini nyumbani.

Mafunzo kwa Mwanafunzi wa Istilahi

Baada ya kuieleza kazi hii tunaweza kutoa maoni manne.

Kwanza, vitenzi vilitutosha. Kuyeyusha, kusubu, kupoza, kusaga, kukatua, kuakisi: vyote vilikuwapo. Ikiwa tunataka nomino, unyambulishaji wa Kiswahili unatuzalishia. Kutokana na saga tunapata kisagio. Kutokana na katua, kupitia katulia, tunaweza kupata kikatulio, yaani kile kifaa kilichopakwa lami. Kutokana na akisi tunapata uakisi. Tunapendekeza, basi, kwamba anayetafuta istilahi ya ufundi aanze kwa kuuliza fundi anafanya nini, kabla ya kuuliza kitu kinaitwaje.

Pili, nomino ndizo zilizotukwaza, na si kwa sababu ya uchache bali kwa sababu ya upana wake. Shaba ni jina la metali nyekundu, lakini pia hutumika kwa michanganyiko yake, hata tukawa na medali ya shaba. Bati ni metali, lakini nchini Kenya mabati ni ya kuezekea nyumba, na hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Chuma nacho, katika mazungumzo, huwakilisha metali yoyote ngumu. Mwandishi wa sayansi hana budi kuainisha maana anayoikusudia mapema, kama tulivyofanya kwa kioo, kisha aishikilie hadi mwisho.

Tatu, ukopaji hauna aibu pale unapohitajika. Tumetumia lenzi, parabola na arseniki bila kusita. Neno darubini lenyewe ni mkopo kutoka Kiajemi, lenye asili ya maneno mawili yenye maana ya mbali na kuona, na leo hakuna anayelihisi kuwa geni. Tunachopinga ni kukopa pale ambapo hatujatazama kwanza jikoni mwetu.

Nne, na hili ndilo kubwa zaidi, istilahi huishi katika sentensi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi hiyo ilikuwa ya manufaa makubwa. Lakini kamusi ni ghala. Chakula kisipopikwa, ghala halishibishi mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, ilhali sayansi katika shule zetu za upili hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili anayelalamikia hali hiyo ana wajibu wa kujiuliza: mimi mwenyewe nimewahi kuandika kurasa 5 za kueleza kwa Kiswahili jinsi kitu kimoja kinavyotengenezwa? Asiyekuwa na jibu la kuridhisha hana msingi imara wa lalama yake.

Hitimisho

Tulianza na msemo kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Baada ya kukitazama kioo kikitengenezwa, msemo huo hauwezi kubaki ulivyokuwa. Kioo hakipatikani kikiwa tayari. Husubiwa, na huenda kikapasuka katika kupoa. Husagwa kwa unga mkali. Hukatuliwa kwa saa nyingi. Na kosa la sehemu moja ya elfu ya unywele huiharibu taswira. Anayeiita fasihi kioo anamwita mwandishi fundi, na hilo ni dai zito kuliko tunavyodhani tunapoliandika katika mtihani.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kiswahili cha sayansi hakitajazwa kwa maazimio ya makongamano pekee. Kitajazwa na makala moja ya kueleza jinsi jahazi linavyoundwa, nyingine jinsi saa inavyotengenezwa, na nyingine jinsi kioo kinavyokatuliwa, hadi lugha ya kazi irudi mikononi mwa wanaoisoma.

Maswali ya Kujadiliwa

1. Orodhesha vitenzi 10 vinavyotumiwa na fundi yeyote katika eneo lako (mhunzi, mwashi, seremala au fundi wa baiskeli). Vipi kati ya hivyo havimo katika kamusi uliyo nayo, au vimo kwa maana tofauti?

2. Jadili upana wa maana wa maneno shaba, bati, chuma na madini. Pendekeza namna ya kuyatumia katika maandishi ya sayansi bila kumkanganya msomaji.

3. Kupiga msasa na kunoa ni sitiari zilizotokana na kazi za mikono. Taja nyingine 3 na ueleze kazi iliyozaa kila moja.

4. Andika maelezo ya maneno 500 kuhusu utengenezaji wa kifaa kimoja cha nyumbani. Usitumie neno la kukopa kabla ya kuthibitisha kuwa Kiswahili hakina lake, na ueleze kila ulipolazimika kukopa.